Taa za sola zinazozima saa tatu usiku: kabla hujanunua betri

Swali: Fundi, shikamoo. Nilinunua taa kumi na mbili za sola, zile ndogo za kuchomeka ardhini, nizipange kando ya njia ya kuingilia nyumbani. Njia ilipokuwa bado inatengenezwa nilizisimamisha zote katikati ya uwanja, zikawa zinawaka mpaka alfajiri. Baadaye nikazihamishia njiani, ambako kuna miti. Sasa nyingi zinazima saa tatu usiku, mbili zilizo karibu na mlango haziwaki kabisa, na moja ina majimaji ndani. Jirani anasema betri za kiwandani ni dhaifu, ninunue zinazohifadhi umeme mwingi zaidi, za mAh 2500. Kabla sijatoa pesa, ni kweli? Halafu nataka taa ya nguvu kule nyuma kwa ajili ya usalama. Sola itaweza?

Jibu: Marahaba. Betri usinunue kwanza.

Ushahidi umenipa wewe mwenyewe. Taa ni zile zile, betri ni zile zile. Zilipokaa uwanjani ziliwaka mpaka alfajiri, zilipohamia chini ya miti zikaanza kuzima saa tatu. Kilichobadilika ni mahali tu. Taa zako haziumwi, zina njaa. Jirani hajakosea kusema betri za kiwandani ni dhaifu, mara nyingi ni kweli, ila anakanda mguu wakati kinachouma ni tumbo.

Ukifungua taa moja ya aina hiyo hutakuta mengi. Juu kuna kipande cha paneli chenye upana wa sentimita chache. Chini yake kuna kibao kidogo cha saketi, betri moja ya ukubwa wa AA, na LED moja. Betri hiyo kwa kawaida ni ya nikeli (imeandikwa NiMH) yenye volti 1.2, na LED nyeupe haiwaki vizuri mpaka ipate karibu volti 3. Ndiyo maana ndani kuna koili ndogo (waya uliozungushwa mara nyingi), mara nyingi ya kijani, ambayo wengi huidhania rezista. Saketi hukata na kurudisha umeme kwenye koili hiyo maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila ukikatwa, koili hutema volti kubwa kuliko ile iliyopewa. Jicho halioni kukatika huko, linaona mwanga uliotulia. Watu huzidharau taa hizi kwa udogo wake, lakini mimi kila nikifungua moja hufurahia jinsi vitu vinne tu vinavyofanya kazi yote hiyo.

Kitu usichokikuta humo kwa kawaida ni sensa ya giza, yaani kifaa cha kulihisi. Haipo. Paneli yenyewe ndiyo jicho: ikiwa inatoa umeme, saketi inaelewa ni mchana na kuupeleka kwenye betri, umeme wa paneli ukishuka karibu na sifuri, saketi inaelewa ni usiku na kuwasha taa. Liweke hilo akilini, maana ndilo litakalotueleza habari ya zile mbili za mlangoni.

Sasa tupige hesabu ya mapato na matumizi. Chukua paneli inayotoa miliampea 80 ikipigwa na jua kamili. Hata siku yenye saa 12 za mwanga haina saa 12 za jua kamili, kwa sababu asubuhi na jioni jua limelala na miale yake inaigusa paneli kwa ubavu tu. Ukijumlisha nguvu ya siku nzima isiyo na mawingu, sehemu zenye jua jingi hupata kitu kama saa 4 hadi 6 za jua kamili. Tuseme 5. Mara 80 ni miliampea-saa 400, ndizo zile mAh zinazoandikwa kwenye betri. Betri ya nikeli haihifadhi yote inayopewa. Robo hivi hupotea, hasa kama joto. Zimebaki 300. Taa ikila miliampea 25 kutoka kwenye betri, 300 zinatosha saa 12, yaani kuanzia saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi. Hiyo ndiyo taa yako ilipokuwa uwanjani.

Ihamishie chini ya mti. Tuseme paneli sasa inapata moja ya sita ya mwanga ule. Miliampea-saa 300 zinakuwa 50, na 50 ni chakula cha saa mbili. Giza likiingia saa moja, ukiongeza saa mbili unafika saa tatu. Saa tatu ile ile uliyoniandikia. Namba hizi ni za taa ya kawaida ya aina yako, yako inaweza kutofautiana kidogo, lakini mkondo wa hesabu ni huo huo.

Najua utaniambia pale chini ya miti si giza, mchana mtu anasoma gazeti bila shida. Macho yetu ni waongo wazuri katika jambo hili. Mboni hupanuka kivulini na kusinyaa juani, ubongo nao unasawazisha kilichobaki, kwa hiyo kivuli kinachotupunguzia mwanga mara kumi tunakiona kama kimepungua kidogo tu. Paneli haina mboni. Ikipewa moja ya kumi inatoa moja ya kumi, na siku ya mawingu mazito mambo ni hayo hayo hata uwanjani.

Kuna na hila nyingine ya kivuli ambayo wengi hawaijui. Seli moja ya silikoni hutoa karibu nusu volti tu, haidhuru ukubwa wake. Ili kupata volti 2 za kuichaji betri, kiwanda hukata vipande vinne na kuviunga kimoja nyuma ya kingine. Ukiitazama paneli yako kwa karibu utaiona ile mistari inayovitenganisha. Sasa fikiria watu wanne wamejipanga wakipokezana ndoo za maji. Mmoja akizubaa, watatu waliobaki hata wakiwa na nguvu za simba, ndoo hazipiti. Jani moja likiangukia kipande kimoja, au kivuli cha tawi kikilala hapo, paneli nzima inazubaa pamoja nacho. Kinyesi cha ndege hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo usiseme "imefunikwa robo tu, robo tatu zinafanya kazi." Sivyo inavyokwenda.

Tuje sasa kwenye betri za mAh 2500. Hilo ni tangi kubwa. Ukiwa na mfereji unaotiririsha ndoo moja kwa siku, ukabadilisha pipa ukaleta tangi, kesho utachota ndoo ngapi? Ile ile moja. Betri kubwa ingekusaidia endapo ile ndogo ingekuwa inajaa saa sita mchana na jua la alasiri likipotea bure, na paneli ndogo kama zako kwa kawaida haifikishi betri ya mAh 600 kileleni kwa siku moja. Ukibadilisha ile ya 600 ukaweka ya 800 au 1000 huharibu kitu, na utapata akiba kidogo ya kuvukia siku moja mbaya baada ya siku kadhaa nzuri. Lakini 2500 chini ya mti ni kununua ghala la mazao ambayo hukulima.

Usinisadiki kwa maneno tu. Chukua betri mbili kutoka kwenye taa zinazozima mapema, zichaji usiku kucha kwa chaja ya ukutani inayofaa betri za NiMH, kisha zirudishe jioni. Taa zikiwaka mpaka alfajiri usiku huo, halafu usiku wa pili au wa tatu zikarudia kuzima mapema, betri ni nzima na paneli ndiyo inayolala njaa. Zikizima saa tatu usiku ule ule wa kwanza, licha ya kwamba betri zilitoka kwenye chaja zimejaa, hapo jirani yako ameshinda na nitakuwa wa kwanza kukuambia ukanunue.

Siku ya kununua ikifika, soma kwanza maandishi ya betri ya zamani na ununue ya aina ile ile na volti zile zile. Betri za kawaida za alkali, zile za kutumia na kutupa, zina umbo sawa lakini hazikutengenezwa kuchajiwa. Ukiziweka humo zinaweza kuvuja. Hatari zaidi ni kwamba kuna betri za lithiamu zenye mwili sawasawa na AA lakini volti 3.7. Zinaingia vizuri kabisa mahali pa 1.2, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu saketi ya taa ndogo haijui kuzichaji wala kuzilinda, na lithiamu ikichajiwa ovyo inaweza kuwaka moto. Kuna pia taa zilizotoka kiwandani na betri ya lithiamu-chuma-fosfeti, volti 3.2. Hiyo nayo haibadilishwi kwa nikeli. Kila mlango na ufunguo wake.

Umri wa betri nao tuutaje. Ya nikeli huvumilia kuchajiwa na kutumika mara mia kadhaa. Taa ya bustani inatumia mara moja kila usiku bila likizo, hivyo baada ya mwaka mmoja hadi miwili ni kawaida ianze kuchoka. Inayolala tupu kila siku, kama hizo zako za chini ya miti, huchoka upesi zaidi. Lithiamu-chuma-fosfeti hudumu mara kadhaa zaidi ya hapo, na ukipata taa nzuri yenye betri hiyo, inayoweza kufunguliwa kwa bisibisi, usiiache. Taa iliyogandishwa kwa gundi kila upande ni takataka iliyopangiwa tarehe. Betri zilizokufa usizitupe bustanini wala kuzichoma. Zipeleke mahali panapokusanywa betri chakavu, hasa ukikuta za zamani zilizoandikwa NiCd, kwa kuwa kadimiamu iliyomo ni sumu.

Zile mbili za mlangoni nina hakika nazo hata kabla ya kuziona. Una taa ya umeme hapo mlangoni au ukutani, sivyo? Jioni inapowaka, paneli inauona mwanga wake, saketi inadhani bado ni mchana, na taa inasubiri giza ambalo halitakuja. Nenda usiku, ifunike paneli kwa kiganja chako kabisa, bila kuacha upenyo. Ikiwaka, ni nzima. Isogeze nyuma ya kichaka au nguzo ambapo mwanga wa mlango haufiki, au iondoe tu, kwa sababu mahali penye taa ya ukutani hapahitaji taa ya pili ya chini. Isipowaka hata ukiifunika, angalia swichi iliyo chini ya kofia.

Swichi hiyo imewatia watu wengi hasara. Katika taa nyingi ndogo, swichi ikizimwa hukata betri kutoka kwenye saketi yote, si kwenye LED peke yake. Maana yake taa ukiianika juani siku tatu ikiwa imezimwa, "ijichaji vizuri", betri haikupata hata tone. Nyingine huchaji swichi ikiwa vyovyote. Kama karatasi ya maelekezo imepotea, iweke kwenye kuwasha, ndiyo salama. Na kama hukuwahi kuzifungua, tazama pia kama kile kikaratasi cha plastiki kinachotenganisha betri na bati lake kimetolewa. Usicheke, nimeitwa kutengeneza taa "mbovu" ambazo ugonjwa wake wote ulikuwa hicho kikaratasi.

Niongeze kisa changu kimoja kuhusu jicho la paneli. Miaka ya nyuma nilipanga taa pande mbili za njia nyembamba, zikitazamana, kila moja na kofia iliyoinama kidogo. Usiku wa kwanza zikawa zinapepesa kama zinakonyezana. Ya kushoto inawaka, mwanga wake unaipiga paneli ya kulia, ya kulia inadhani kumekucha na kuzima, kisha giza linarudi kidogo na mchezo unaanza upya. Nilikaa nusu saa nikitafuta waya uliolegea. Nilizipishanisha, moja huku, nyingine mbele kidogo upande wa pili, zikatulia. Kupepesa kwa taa moja iliyo peke yake ni habari nyingine: mara nyingi betri imeishiwa au bati linaloishika limelegea.

Yenye maji ifungue leo, usingoje. Toa betri, mwaga maji, ianike kivulini kofia ikiwa wazi mpaka ikauke kabisa. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye mabati ya betri, chovya kijiti cha pamba kwenye siki usugue, kisha futa kwa kitambaa kibichi na ukaushe. Kilichobaki kiondoe kwa msasa laini. Ukifunga, pitisha gundi nyembamba ya silikoni mahali kofia inapokutana na paneli, maana huko juu ndiko maji huingilia. Chini usizibe. Ukiziba kila mahali, unyevu uliomo ndani hupanda kama mvuke mchana na kugeuka matone usiku, na hauna pa kutokea. Kitundu kidogo upande wa chini kinaokoa taa kuliko gundi nyingi. Siku ukinunua nyingine, tazama namba ya IP kwenye boksi, kipimo cha kinga dhidi ya vumbi na maji. IP44 inastahimili matone yanayorushwa kutoka upande wowote na si zaidi. IP65 haiingizi vumbi na inavumilia maji ya bomba yakielekezwa kwake, hiyo ndiyo ningeitaka mahali penye mvua nzito au panapomwagiliwa kwa mpira. IP67 inaweza hata kuzama mita moja kwa nusu saa, na kama huna bwawa huihitaji.

Sasa njia yako yenye miti. Ningefanya nini? Kwanza ningepunguza. Taa kumi na mbili zilizopangwa mistari miwili kwa nafasi sawa huifanya bustani ifanane na njia ya ndege kutua. Utanisamehe, ni ladha yangu, ila hata mguu hauhitaji mwanga kila hatua. Unahitaji mwanga penye ngazi, penye kona, penye mzizi uliotokeza, na pale njia inapoanza. Hizo ni taa nne au tano. Zilizobaki zirudishe uwanjani, ambako zilishathibitisha kwamba zinashiba, au ziwe unazizungusha kwa zamu: nne zinakula jua, nne zinafanya kazi.

Pili, penye kivuli cha kweli usichomeke taa yenye paneli kichwani. Ubaya wa umbo hilo ni kwamba linalazimisha paneli ikae pale unapotaka mwanga, wakati paneli inataka kukaa pale penye jua, na mahali hapo pawili mara chache huwa pamoja. Ziko taa ambazo paneli yake imetenganishwa kwa waya wa mita kadhaa. Paneli unaifunga juu ya ukuta, kwenye paa au nguzo, na taa inabaki chini ya mti. Bora zaidi, kwa njia ndefu, ni paneli moja ya wati 10 au 20 yenye betri yake na kidhibiti chaji, ikilisha taa tano sita za volti 12 kwa waya. Kazi ya kuufukia waya ni ya siku moja, lakini unabaki na paneli moja ya kusafisha na betri moja ya kubadilisha badala ya kumi na mbili. Kama waya ni mrefu usichague mwembamba. Katika volti 12 kila volti inayopotelea njiani inaonekana, na taa ya mwisho ndiyo inayofifia.

Paneli iliyotengwa ielekeze upande ambao jua hupita saa za mchana: aliye kaskazini ya ikweta aielekeze kusini, aliye kusini aielekeze kaskazini, na mwinamo wake ukaribie digrii za latitudo ya mahali ulipo. Karibu na ikweta ingeweza kulala kabisa, lakini ipe mwinamo wa digrii kumi hivi ili mvua isukume vumbi badala ya kuliacha ligande. Kufuta kwa kitambaa laini na maji mara moja kwa mwezi kunatosha, na mahali penye vumbi jingi mara mbili. Usitumie brashi ngumu.

Kwa taa ndogo angalia na rangi ya uso wa paneli. Nyingi zimefunikwa kwa epoksi ambayo jua huigeuza kuwa ya manjano au ya ukungu baada ya mwaka mmoja au miwili, na paneli inakuwa kama mtu mwenye mtoto wa jicho. Ukungu wa juu juu huondoka ukisugua taratibu kwa dawa ya meno na kitambaa, kisha ukapaka vanishi angavu ya nje. Hiyo ni nafuu ya muda, si dawa. Paneli yenye kioo haina tatizo hilo.

Kuhusu mwanga wenyewe: mshumaa mmoja hutoa kama lumeni 12, na taa nyingi ndogo za kuchomeka hazizidi sana hapo. Zinaonyesha njia ilipo, hazimuliki njia. Kutembea penye ngazi ningetaka lumeni 50 au zaidi, lakini zikiwa chini ya usawa wa macho na LED imefichwa na kofia. LED inayokupiga usoni inakupofusha kuliko giza, kwani macho huchukua nusu saa hivi kulizoea giza kikamilifu na hupoteza mazoea hayo kwa sekunde. Kuhusu rangi, tafuta iliyoandikwa 2700K au 3000K, ule mwanga wa manjano kama wa taa ya mafuta. Ile nyeupe yenye ubuluu, ya 6000K, huvuta wadudu zaidi, na nondo wanaozunguka taa usiku kucha hawachavushi ua lolote. Taa yenye kukuwezesha kuizima usiku wa manane ni bora pia kwa popo na vimulimuli, kama bado wanakutembelea.

Sola kwa usalama huko nyuma itaweza, tena vizuri, ila si kwa namna watu wengi wanavyonunua. Taa ya wati 10 za kweli ikiwaka saa 12 inakula wati-saa 120. Kwa saa 5 za jua kamili unahitaji paneli ya wati 24 kabla ya hasara za njiani, kwa hiyo niite 35. Ukiona boksi limeandikwa "wati 200" na paneli yake inakaa kwenye kiganja, hesabu imeshakuambia ukweli. Kuna njia ya haraka ya kuipima paneli: zidisha urefu kwa upana kwa sentimita, ugawe kwa 50. Hizo ndizo wati ambazo paneli nzuri ya ukubwa huo inaweza kutoa juani kwa makisio. Ya sentimita 20 kwa 30 ni 600, gawa kwa 50, unapata 12. Boksi liseme litakavyo.

Lakini nani anahitaji taa kali saa 12 nyuma ya nyumba ambako hakuna mtu? Nunua yenye sensa ya mwendo. Ikae na mwanga hafifu wa nusu wati usiku kucha, ambao ni wati-saa 6, na ikiona mtu iwake kwa wati 10 nusu dakika. Ikiwaka mara ishirini kwa usiku, hizo ni dakika kumi tu, hata wati-saa mbili hazifiki. Jumla iko chini ya 8, na paneli ile ya wati 12 inazileta kwa kama saa moja ya jua zuri, hata ukihesabu hasara za njiani. Siku mbili za mawingu hazitakutia gizani. Tena mwanga unaowaka ghafla humshtua mtu kuliko ule uliokuwapo tangu jioni.

Sensa hizo huona joto la mwili likihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mtu anayekatiza mbele yake huonekana mapema, anayekuja moja kwa moja kuielekea huonekana amekaribia. Basi ifunge ubavuni mwa njia anayopitia mtu, si mwisho wa njia, kwa kimo cha mita mbili hadi tatu, na isitazame matawi yanayoyumba wala ukuta uliochomwa na jua mchana kutwa. Usiku wa joto kali, hewa inapokaribia joto la mwili, umbali wake wa kuona hupungua, usidhani imeharibika. Na taa hiyo pia, kama zile za njiani, isiwekwe mahali inapoangaliana na taa nyingine.

Jambo dogo la mwisho kabla hujazihamisha: usizigonge kwa nyundo wala kuzisukuma kwa kubonyeza kofia. Vijiti vyake ni vya plastiki na hukatika shingoni. Toboa shimo kwanza kwa nondo au chuma chembamba, hasa kiangazi ardhi ikiwa ngumu, ndipo uchomeke.

Anza na taa moja tu. Ile inayozima mapema kuliko zote, bila kuifungua wala kubadilisha chochote, irudishe katikati ya uwanja kwa siku tatu zenye jua, uandike saa inayozima kila usiku kama utakuwa macho, au umwombe anayeamka mapema akutazamie. Niandikie ulichokiona pamoja na maneno yaliyo kwenye betri, tujue kama kuna haja ya kununua hata moja.